Mutoto Wako Anataka Kujifunza Boksi

Leo hatusemi juu ya uji wala juu ya chanjo. Tutafundishana juu ya neno lingine, sababu wamama wengine wanatuuliza neno hili siku ya kupima watoto, wakati wanangojea zamu yao kwenye benchi. Kijana amefika miaka 12 ao 13. Anatoka masomo, anaweka buku zake chini, anasema: "Mama, miye nataka kujifunza boksi." Mama anajibu mbio: "Hapana! Watakuua bure." Kijana ananyamaza. Kisha juma mbili, mama anasikia kwa majirani ya kwamba mutoto wake anaonekana kila jioni nyuma ya kiwanja cha mupira, yeye na vijana wengine, wanapigana mikono mitupu, na hakuna mutu mukubwa anayewaangalia.

Hofu ya mama huyu ni ya kweli. Lakini hofu peke yake haimulindi mutoto. Ni vema ujue namna mutu anavyofundishwa boksi tangu siku ya kwanza, ili uweze kwenda wewe mwenyewe, kusimama kwenye mulango wa sale, na kutazama kama mufundishaji anafanya kazi yake sawasawa ao anacheza na kichwa cha mutoto wako.

Shika neno hili moja kabla ya yote: anayeanza boksi haanzi kwa kupigwa. Kuko miezi mingi ya kujifunza ambayo hakuna mutu anayemugusa hata kidogo. Katika miezi ile mutoto anapata karibu faida yote ambayo boksi inaweza kumupa: moyo wenye nguvu, pumzi ndefu, miguu myepesi, na kujitawala. Hatari inaingia siku ile wanapoanza kumupiga kichwani.

MASOMO YA KWANZA NI YA MIGUU

Watu wengi wanafikiri boksi ni mikono. Mufundishaji muzuri anaanza na miguu, na anaweza kukaa na miguu juma tatu nzima. Vijana wanachukia jambo hili, wanataka kupiga mufuko siku ya kwanza. Ukiona mufundishaji anawakatalia, ujue umepata mutu wa kweli.

Unaweza kumusaidia mutoto kwenye kiwanja cha nyumba. Chora mustari mumoja chini kwa kijiti. Mutoto asimame, mustari ukipita katikati ya miguu yake. Kama anaandika kwa mukono wa kuume, muguu wa kushoto unakuwa mbele, na wa kuume unabaki nyuma, kila muguu upande wake wa mustari. Nafasi katikati ya miguu iwe sawa na upana wa mabega. Miguu isilaliwe juu ya mustari mumoja kama mutu anayetembea juu ya muti wa kuvuka muto, sababu ukimusukuma kidogo ataanguka. Vidole vya muguu wa mbele vielekee kidogo upande wa kuume. Kisigino cha nyuma kinainuka kidogo, nafasi ya kupitisha karatasi tu. Magoti yanakunjwa kidogo. Mwili unageuka upande, tumbo lote lisionekane mbele.

Anayetumia mukono wa kushoto anageuza yote: muguu wa kuume mbele. Usimulazimishe abadilishe. Kuko wapiganaji wakubwa wa mukono wa kushoto, na wenzao wanawaogopa sababu mapigo yao yanatoka upande ambao watu hawakuzoea.

Usicheke, mama. Jaribu wewe mwenyewe kusimama hivyo dakika mbili tu. Utasikia mapaja yanawaka moto.

Sasa kutembea. Sheria ni moja: muguu ulio karibu na pahali unapokwenda ndio unaotangulia. Kwenda mbele, muguu wa mbele unaanza, wa nyuma unafuata. Kurudi nyuma, wa nyuma unaanza. Kwenda kushoto, wa kushoto. Kwenda kuume, wa kuume. Miguu haikutane na haipishane, hata siku moja. Hatua ni fupi, kama mutu anayetembea gizani ndani ya nyumba yenye watoto waliolala chini. Mutoto afanye hivyo mbele hatua kumi, nyuma hatua kumi, kisha pande mbili, mpaka asihitaji tena kutazama chini. Wengine wanachukua siku nne, wengine juma tatu. Haiko haya.

MIKONO NA KIDEVU

Miguu ikishasimama, mikono inapanda. Ngumi mbili zinakaa karibu na mashavu, viwiko vinashuka kufunika mbavu. Kidevu kinainama kifuani, macho yanatazama mbele chini ya nyusi. Kuko dawa mbili za bei ndogo. Chukua kitambaa, ukikunje kama mupira mudogo, umuwekee chini ya kidevu. Kikianguka, ameinua kichwa. Chukua vipande viwili vingine, umuwekee chini ya kwapa; vikianguka, amefungua viwiko. Kwa nini kidevu? Pigo linalofika kwenye kidevu linazungusha kichwa kwa ghafula, na ubongo unatikisika ndani. Kidevu kilichoinama ni kama mulango uliofungwa.

Kisha ngumi yenyewe. Watoto wengi wanakunja ngumi vibaya, tunaona hivyo ku hospitali wakati wanakuja na mukono uliovimba. Vidole vine vinakunjwa kwanza, vinakazwa ndani ya kiganja. Kidole gumba kinakuja juu, inje, kinalala juu ya vidole viwili vya kwanza. Hakiingii ndani ya ngumi, kikiingia kinavunjika. Na hakisimami juu kama kichwa cha kobe, kinaweza kuingia katika jicho la mwenzake.

Pigo linafika kwa vifundo viwili vya kwanza, kile cha kidole cha shahada na kile cha kidole cha katikati. Mifupa yake ni minene na inalingana na mufupa wa mukono. Anayejitupa kama mulevi anapiga kwa upande wa kidole kidogo, na mufupa ule mwembamba unavunjika. Kifundo cha mukono kinyooke kabisa, kisikunjike wakati wa kupiga.

Mbele ya kupiga mufuko muzito, mikono inafungwa. Bande ya dukani ni nzuri, lakini kipande kirefu cha pamba kinaweza kufaa pia, upana wa vidole vitatu, urefu wa meta 3 ao 4. Wamama wengine wanakata kikwembe cha zamani. Ni vizuri, kikiwa kimefuliwa na kukauka juani. Bande inazunguka kifundo cha mukono mara tatu, inapita kwenye kidole gumba, inafunika vifundo mara tatu ao mara ine, inapita katikati ya vidole, inarudi kwenye kifundo. Ikaze, lakini isizuie damu: vidole vikianza kufa ganzi ao kubadilika rangi, fungua, uanze tena. Baada ya muchezo inafuliwa, haiachwi na jasho ndani ya mufuko wa masomo.

PIGO LA KWANZA LINALOFUNDISHWA

Ni lile la mukono wa mbele, lililonyooka. Haliko na nguvu nyingi, na vijana wanalidharau. Lakini mapigo mengine yote yanafuata nyuma yake. Mukono unatoka kwenye shavu, unakwenda moja kwa moja, hauzunguki, kiwiko hakiinuki upande kama bawa la kuku. Mwisho wa njia, ngumi inageuka mpaka kiganja kinatazama chini, na bega linapanda kulinda kidevu. Kisha mukono unarudi mbio kwa njia ile ile. Ngojea, soma tena hapo: unarudi mbio. Mwanafunzi mupya anatuma mukono na kuuacha inje ao kuushusha kwenye kiuno, na hapo uso wake unabaki wazi. Mufundishaji muzuri anasema neno "rudisha" mara nyingi kuliko neno "piga".

Pigo la pili ni la mukono wa nyuma. Hilo ndilo la nguvu, na nguvu yake haitoke kwa mukono, inatoka chini. Kisigino cha nyuma kinazunguka, goti linafuata, kiuno kinafuata, bega linafuata, na ngumi inafika mwisho. Kila mama aliyetwanga sombe anajua jambo hili: ukitwanga kwa mikono peke yake, utachoka mbele ya majani kulainika; ukitwanga kwa mugongo na kiuno na miguu, kazi inakwenda. Wakati huo wote mukono wa mbele unabaki kwenye shavu.

Na pumzi. Kila pigo linatoka pamoja na pumzi fupi ya puani, "sss". Mutoto anayefunga pumzi anachoka kwa dakika moja.

Mapigo mengine, yale ya kuzunguka na yale ya kutoka chini kwenda juu, yanaweza kungojea. Mufundishaji anayewaonyesha yote juma la kwanza anataka kuwafurahisha tu.

Siku ya mafunzo ya mwanzo inapita namna hii: kuruka kamba, kunyoosha mwili, miguu juu ya mustari, kupiga hewa mbele ya kioo ao mbele ya kivuli chake ukutani, kupiga mufuko, mwisho kunyoosha mwili tena. Dakika mbili za kazi, dakika moja ya kupumzika, maji kidogo kidogo. Hapo hakuna aliyepigwa. Mutoto anarudi nyumbani na jasho, anakula bugali na maharagi, analala vizuri. Muchezo wa namna hii hatuna neno nao, hata kwa mutoto wa miaka kumi, hata kwa binti.

SIKU ILE MUFUNDISHAJI ANAPOSEMA: LEO UTAPIGANA NA MWENZAKO

Hapo sasa, mama, fungua macho.

Ubongo wa mutu ni laini. Unakaa ndani ya mufupa mugumu wa kichwa, na maji kidogo yanauzunguka. Fanya jaribio hili mbele ya watoto wako: chukua bidoni, uitie maji nusu, uisukume mbio, kisha uisimamishe kwa ghafula. Bidoni imesimama, lakini maji inaendelea kugonga upande mumoja, inarudi upande wa pili. Kichwa kikipigwa ni hivyo hivyo. Inje hakuna alama, hakuna damu, lakini ndani ubongo umegonga na umejizungusha. Njo maana usimuamini mutu anayekuambia, "Ana kofia ya boksi, usiogope." Kofia ile inazuia ngozi kupasuka na masikio kuumia. Haizuii ubongo kutikisika ndani. Glavu pia, ile mifuko minene ya mikono, inalinda mikono ya anayepiga kuliko kichwa cha anayepigwa.

Wakubwa wetu wanakumbuka tarehe 30 ya mwezi wa kumi, mwaka wa 1974, wakati inchi yetu ilipoitwa Zaire. Muhammad Ali na George Foreman walipigana Kinshasa, katika kiwanja ambacho leo kinaitwa Tata Raphaël. Foreman alikuwa kijana wa miaka 25, mwenye kupiga kama nyundo. Ali alikuwa na miaka 32. Alijiegemeza kwenye kamba za ringi, akaacha Foreman apige na apige mpaka achoke, na katika raundi ya 8 akamuangusha. Mpaka leo baba wengi wanawasimulia watoto mapigano yale, na watoto wanakwenda kujiegemeza kwenye ukuta wa masomo na kusema, "Nipige!" Lakini hilo silo somo la anayeanza. Ali alikuwa na miaka 20 ya kazi ile katika mwili wake, na vilevile alikula mapigo mengi katika maisha yake. Katika mwaka wa 1984 waganga walimukuta na ugonjwa wa Parkinson, ule unaotetemesha mikono na kufanya maneno yatoke pole pole. Alikufa mwaka wa 2016. Waganga hawakubaliani wote kwamba mapigo ndiyo yaliyoleta ugonjwa wake. Lakini wanakubaliana ya kwamba mapigo mengi ya kichwa, hata yale madogo yasiyomuangusha mutu, yanaharibu ubongo pole pole, na alama zinaweza kuonekana kisha miaka mingi.

Afazali uwasimulie watoto juu ya Sumbu Kalambay. Alizaliwa Lubumbashi katika mwaka wa 1956, akaenda Italia, na mwaka wa 1987, katika muji wa Livorno, akamushinda Mumarekani Iran Barkley na kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa kati. Kalambay hakusifiwa kwa kuangusha watu. Alisifiwa kwa miguu yake, kwa mukono wake wa mbele, na kwa kuwa ilikuwa vigumu kumupata. Ni masomo yale yale ya mustari na kitambaa. Tena, tuseme kweli yote: katika mwezi wa tatu wa 1989, Michael Nunn alimuangusha kwa pigo moja, na hata dakika mbili za raundi ya kwanza zilikuwa hazijapita. Mutu mwenye ufundi wa namna hii. Basi mutoto wako wa miaka 14 je?

Waganga wamesema nini? Katika mwaka wa 1983 shirika la waganga wa dunia nzima liliomba boksi ikatazwe. Mwaka wa 2011 waganga wa watoto wa Marekani na wa Kanada waliandika pamoja ya kwamba hawakubali watoto na vijana wacheze boksi ya kupigana, na wawaelekeze kwenye michezo ambayo kusudi lake si kupiga kichwa. Sisi tunawashauri hivi: mutoto ajifunze miguu, mikono, kamba na mufuko, kadiri anavyopenda. Kupigwa kichwani, hapana. Kijana akishakuwa mutu mukubwa, atajichagulia, na atachagua akijua.

Kama sale ile inawapanga wawili wawili, uliza kama wanaweza kufanya mafunzo ya kugusa mabega na mikono tu, bila kichwa. Sale nyingi zinajua kufanya hivyo. Na utazame kama wanalingana kwa kilo na kwa muda wa kujifunza. Mufundishaji anayemuweka mupya mbele ya muzoefu "ili akomae" hafai, hata kama ana medali ukutani.

KAMA AMEPIGWA KICHWANI

Mutoto amerudi nyumbani. Hasemi kitu, sababu anaogopa utamukataza. Mutazame. Anashika kichwa? Anasikia kichefuchefu? Mwanga unamuumiza macho? Anauliza ulizo moja mara tatu? Anasahau jinsi alivyofika nyumbani? Anayumba? Amekuwa mwenye hasira ao mwenye kulia bila sababu? Alama moja tu inatosha. Haihitajiki kuwa alianguka ao alizimia. Wengi waliotikisika ubongo hawakuzimia.

Siku ile asirudi kwenye muchezo, hata kama anasema amepona. Kesho pia. Umulete kwenye kituo cha afya. Apumzike nyumbani siku moja ao mbili, bila kukimbia, bila kuinua mizigo, bila kukaza macho kwenye telefone. Kisha anaanza kutembea na kusoma pole pole. Kichwa kikianza kuuma zaidi, anapunguza. Unaweza kumupa paracetamol kwa kipimo cha kilo zake. Usimupe aspirini wala ibuprofene siku zile za kwanza, zinaweza kuongeza damu kutoka ndani. Kulala si vibaya, wengine wanawazuia watoto kulala bure. Lakini usiku wa kwanza mutu mukubwa alale karibu naye, amuamshe mara moja ao mbili kuona kama anaamka na kujibu sawasawa.

Usingojee asubuhi kama unaona hizi: anatapika tena na tena, kichwa kinauma na kinazidi kuuma, anashikwa na kifafa, mboni ya jicho moja ni kubwa kuliko ya lingine, maji meupe ao damu inatoka masikioni ao puani, mukono ao muguu wa upande mumoja umelegea, anasema ovyo ovyo, ao hawezi kuamka. Hapo ni hospitali mara moja, hata kama ni usiku, hata kama hakuna pikipiki na ni lazima kumubeba.

Kanuni za boksi zinamukataza aliyeangushwa kwa pigo la kichwa kupigana tena kwa siku 30 angalau, na zaidi kama imekuja mara ya pili. Si adabu, ni sababu ubongo uliotikisika, ukitikiswa tena mbele ya kupona, unaweza kuvimba kwa ghafula na kuua mutoto, hata kama pigo la pili lilikuwa dogo.

BANDAMA

Jambo hili watu wa Ulaya wanaoandika mabuku ya boksi hawalisemi sana, sababu kwao malaria haiko. Kwetu iko. Malaria inavimbisha bandama, kile kiungo kilicho upande wa kushoto wa tumbo, chini ya mbavu. Bandama ya kawaida inajificha ndani ya mbavu. Iliyovimba inashuka chini, pahali ambapo hakuna mufupa wa kuilinda, na ngozi yake inakuwa nyembamba kama ngozi ya nyanya iliyoiva sana. Ngumi moja ya tumbo inaweza kuipasua, na damu inamwagika ndani bila kuonekana inje.

Basi, mutoto akitoka kuugua malaria, mbele ya kurudi kwenye mafunzo ya kugusana, munganga ao infirmiye apapase tumbo lake. Ni kazi ya dakika moja, unaweza kuiomba siku unapokuja kumupimisha mutoto mudogo. Kama bandama inasikika chini ya vidole, mutoto anaweza kuruka kamba akiwa na nguvu, lakini hakuna mutu anayemugusa tumbo mpaka irudi pahali pake. Na kama mutoto amepigwa tumboni, kisha anasikia maumivu upande wa kushoto yanayopanda mpaka bega la kushoto, anakuwa mweupe midomoni, anatoa jasho baridi, anasikia kizunguzungu akisimama, usimupe chai na kumwambia alale. Mupeleke hospitali mbio.

Kuko watoto wengine ambao inafaa waonwe na munganga mbele ya kuanza: mwenye kifafa, mwenye kuona kwa jicho moja tu, mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye pumu, na wale tunaowaita SS. Mutoto wa SS akikimbia sana bila maji, anaweza kushikwa na maumivu makali ya mifupa siku ile ile. Haifai apangwe sawa na wengine.

MAULIZO YA WAMAMA

Ulizo: Mufundishaji anasema mutoto apunguze kilo tatu kwa juma moja, ili aingie katika kundi la wadogo. Nifanye nini?

Jibu: Kataa. Miaka yote hii tulikuhimiza uangalie fishi ya mutoto, mustari wake upande juu, na leo mutu anataka ushuke! Njia wanayotumia ni kuwanyima watoto maji na kuwakimbiza juani na nguo nyingi. Mutoto anayekua haponi haraka kwa jambo hilo, na kichwa kilichokosa maji kinaumia vibaya zaidi kikipigwa. Apigane na wale wa kilo zake, ao asipigane.

Ulizo: Watoto wanaazimana ule mupira wa kulinda meno. Ni vibaya?

Jibu: Ni vibaya sana. Midomo inatoka damu katika boksi. Kila mumoja awe na wake, auoshe, auweke ndani ya kopo yenye kifuniko. Kitambaa cha kupanguza uso pia, kila mutu na chake. Damu ikianguka juu ya glavu ao juu ya ringi, muchezo unasimama, wanapanguza kwa maji ya javeli, na aliyetoka damu anafungwa kidonda mbele ya kurudi. Ni kwa sababu ya ugonjwa wa ini wa aina ya B na SIDA. Hatari ya SIDA katika muchezo ni ndogo sana, lakini ugonjwa wa ini unapita kwa urahisi zaidi.

Ulizo: Binti yangu anataka. Papa yake anasema haiko muchezo wa wasichana.

Jibu: Tangu mwaka wa 2012, kule London, wanawake wanapigana boksi katika michezo ya Olimpiki. Masomo ni yale yale, na hatari ya kichwa ni ile ile. Kwa kamba, miguu na mufuko hatuoni tofauti ya kijana na binti. Uliza tu nani anafungua sale, nani anaifunga, saa ngapi wanatoka, na binti anarudi na nani. Mwenye mimba asifanye mafunzo ya kugusana, hata miezi ya kwanza.

Ulizo: Akijifunza boksi, hatakuwa mugomvi katika kartie?

Jibu: Inategemea sana mufundishaji. Siku utakayokwenda kutazama, muulize mbele ya watoto: "Mutoto akipigana njiani, wewe unafanya nini?" Kuko wanaocheka. Kuko wanaosema, "Anatoka sale yangu mwezi muzima." Kama amecheka, chukua mutoto wako murudi nyumbani.

Ulizo: Na kama katika kartie yetu hakuna mufundishaji hata mumoja?

Jibu: Basi anza na mustari chini na kamba ya kuruka. Kamba iwe ndefu kiasi hiki: mutoto akiikanyaga katikati, ncha zake zifike kwapani. Aruke dakika moja, apumzike dakika moja, mara tano, siku tatu kwa juma, juu ya udongo, si juu ya simenti. Kisha mwezi, dakika mbili. Umuwekee bidoni ya maji safi kivulini, na asianze mbele ya kula kitu.